Mshika Barafu wa Barabara ya Magamba

Nina mikono ya moto. Niliambiwa hivyo nikiwa na miaka kumi na saba, hadharani, mbele ya nusu ya vijana wa Mpanda, na maneno hayo nimeyabeba mpaka nywele zimeanza kuwa nyeupe. Hata leo, nikimgusa mgonjwa paji la uso pale zahanati, najiuliza kwanza kama joto ninalolisikia ni lake au ni langu, kisha ndipo natafuta kipimajoto. Wenzangu kazini wanadhani ni umakini. Waache wadhani. Mimi najua ni mikono ile ile iliyoniondoa kwenye kiti nilichokipenda kuliko vyote nilivyowahi kukalia, na nimekalia vingi, vingine vya ofisini, vyenye magurudumu.

Kiti chenyewe kilikuwa nyuma ya kaka yangu, kwenye pikipiki. Siwezi kusema pikipiki yake, maana hakuwa nayo. Kaka alikuwa fundi, ana kibanda cha mabati nyuma ya soko, na pikipiki zote alizoendesha enzi hizo zilikuwa za watu. Mpanda ya wakati ule, kabla hatujawa mkoa, tukiwa bado Rukwa na mambo yote makubwa yakifanyika Sumbawanga, ilikuwa na pikipiki za kuhesabika. Ukiwa uani unachambua mchele ulikuwa unaijua inayopita kwa mlio wake: hii ya misheni, hii ya mradi, hii ya yule mwenye mashine ya kukoboa. Karibu zote zilipita mikononi mwa kaka. Naye alikuwa na msimamo mmoja wa kitaalamu ambao hakuna mteja aliyeweza kuupinga: injini ikishafunguliwa lazima ijaribiwe. Na majaribio, sijui kwa nini, yalikuwa yanaangukia Jumapili baada ya misa.

Kabla ya kutoka alikuwa anachomoa waya wa kilometa kwenye gurudumu la mbele. Mshale unalala, namba hazisogei. Usiku mwenye mali akija anaikuta pikipiki imeoshwa, imekauka, na kilometa ni zile zile alizoziacha. Anashukuru, anaondoka nayo. Nilikuwa naona ni ujanja wa hali ya juu kabisa, na mpaka sasa sijabadilisha mawazo.

Jumapili zile nazitamani hadi zinaniuma. Misa imeisha, wali umeliwa, na mji hauna kazi nyingine isipokuwa watu kuonana. Tulikuwa tunaita kupiga raundi. Pikipiki tano au sita zinatoka stesheni, zinapita sokoni, zinashuka Makanyagio, zinarudi, kwa gia ya pili, taratibu kabisa, na ole wako umtimulie vumbi mama mwenye chapati zake au nguo za watu kwenye kamba. Kwenye usukani zimening'inizwa nyuzi za plastiki za rangi. Radio ya kaseti imefungwa juu ya tangi kwa mipira ya tyubu, na shimo likiwa kubwa wimbo unaruka mstari mzima. Msichana anakaa upande, miguu pamoja, na viatu vya kanisani. Wasiokuwa na pikipiki wanasimama kando ya barabara na suruali zilizopigwa pasi, wameegemea baiskeli, na hao nao ukiwauliza wanafanya nini watakwambia wanapiga raundi.

Lakini anayeongoza msafara hakujichagulia. Aliongoza aliyeshinda siku hiyo, na kushinda kulikuwa kwenye barabara ya Magamba.

Mwanzoni walikuwa wanakimbizana pamoja, wawili wawili, kama ungetegemea vijana wafanye. Tatizo lilikuwa vumbi. Ile barabara kiangazi ilikuwa unga mtupu, wa mbele akishafungua mafuta wa nyuma haoni hata mikono yake. Wakati mmoja mtu aliingia kwenye shamba la mihogo na pikipiki nzima, akatokea upande wa pili na majani kwenye kola. Hakuumia, ila wote waliogopa. Ikaamuliwa kila mmoja akimbie peke yake, kwenda Magamba na kurudi. Sasa watajuaje nani kawahi? Saa za mkononi zilikuwepo, lakini kila mwenye saa aliamini ya kwake tu, na mabishano yalikuwa hayaishi mpaka mtu anavua shati.

Aliyemaliza ubishi ni mama mmoja wa Makanyagio aliyekuwa anauza barafu. Alikuwa na friji la mafuta ya taa, maana umeme wetu ulikuwa wa jenereta, unakuja jioni na kuondoka kabla hujamaliza kufurahi. Mama huyo alikuwa mkubwa wa mwili, mdogo wa maneno, na vijana walikuwa wanapigia kelele zao mlangoni kwake. Siku moja alitoka na vipande viwili vya barafu, vyote vimegandishwa kwenye kikombe kimoja cha plastiki, akasema, "Nyie, mnanipigia makelele ya nini? Kila mmoja ashike yake, aende nayo, arudi nayo. Atakayerudi na kubwa ndiye kawahi. Mwende zenu."

Alisema kwa kuwafukuza. Wao wakaona ni sheria, na tangu siku hiyo ikawa sheria kweli.

Dereva hawezi kushika barafu, kwa hiyo kila dereva akawa na mshika barafu wake. Barafu inashikwa kwa viganja vitupu, hakuna kitambaa, hakuna kanga, hakuna mfuko. Pale Magamba kulikuwa na duka ambalo mwenyewe alikuwa anapiga alama ya chaki kwenye madigadi, juu ya gurudumu, ili ijulikane umefika. Ukirudi, yule mama anapokea kilichobaki, anakiweka kwenye kisosi, anakirudisha kwenye friji. Wote wakishamaliza anavitoa visosi, anavipanga kwenye benchi, na watu wote wanainama kuangalia kama wanaangalia mtoto mchanga.

Kaka alinichukua mimi. Mama yetu hakuwa na neno, kwa sababu nyuma ya kaka yako hata shetani hawezi kukusema vibaya. Na hapo ndipo nilipoanza kuishi, sioni namna nyingine ya kusema.

Kushika barafu maana yake ni kwamba huna mkono wa kujishikia. Unakaa kwa kupanua miguu, sketi umeikunjia ndani ya suruali ya kaka yako ya zamani, umeibana pikipiki kwa magoti kadiri unavyoweza, na viganja vyako viko mbele ya tumbo lako, kati yako na mgongo wa dereva, vimefunika kitu kinachochoma kwa ubaridi mpaka vidole vinakufa. Ukiruka, umeruka. Kilichokuwa kinanishikilia ni sauti ya kaka tu. Alikuwa anapiga kelele bila kugeuka: "Shimo!" nami naweka paji la uso kwenye mgongo wake na kukaza magoti. "Mchanga!" naegemea anakoegemea. Mgongo wake ulikuwa unanuka oili chafu na sabuni ya mche. Mara nyingine alikuwa anasema "Shimo!" mahali ambapo hapana shimo lolote, mimi najibandika mgongoni kwa hofu, kisha nasikia mbavu zake zinacheka. Nilikuwa namtukana. Na nilikuwa nangoja aseme tena.

Sasa tatizo ni kwamba tulikuwa hatushindi.

Kaka alikuwa na mkono mwepesi kuliko wote, hilo hata wapinzani walikubali. Injini zilikuwa zimetoka kwenye benchi lake, anajua kila moja inapenda nini. Tulikuwa tunaanza sisi, kwa sababu pikipiki ya mtu ilitakiwa irudi mapema, ioshwe, ikauke kabla ya raundi, mwenyewe akija usiku aikute safi. Saa nane kamili tumeshaondoka. Aliyekuwa anamaliza ni dereva wa mradi, kijana wa miwani ya jua, aliyekaa na pikipiki ya kazini siku zote kama ni ya baba yake na hakuwa na haraka ya kumrudishia mtu. Na huyo ndiye aliyekuwa anashinda. Jumapili kwa Jumapili kisosi chake kina kipande cha ukubwa wa yai, chetu kina kitu kama punje ya karanga. Ndipo yeye mwenyewe, akiwa ameegemea benchi, akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Fundi, pikipiki yako haina shida. Shida ni mdogo wako. Ana mikono ya moto huyo."

Watu walicheka. Walikuja mmoja mmoja kunishika viganja, na kweli vilikuwa vya moto, maana vilikuwa vimetoka kwenye baridi na damu ilikuwa inarudi. Lakini nani angewaza hivyo? Hata mimi niliamini pale pale.

Kwa kaka haikuwa utani. Aliyeongoza raundi ndiye ambaye mji mzima uliuliza pikipiki yake inatengenezwa na nani. Wiki moja ya Oktoba, joto likiwa la kukaushia mihogo, alikuja nyumbani Alhamisi akakaa kwenye kigoda karibu nami bila kunawa mikono. Akasema bila kuniangalia, "Mdogo wangu, Jumapili hii tukishindwa, itabidi nimchukue yule msichana wa kwaya."

Nilimjua. Alikuwa anaimba sauti ya kwanza, mwembamba, mpole, na akikupa mkono wa amani kanisani ulikuwa unasisimka kwa ubaridi wa vidole vyake. Nilimchukia tangu sekunde ile, na hakuwa amenikosea kitu.

"Nitashika vizuri," nikasema.

"Siyo kushika, dada. Ndiyo mikono yako ilivyo."

Sikulala vizuri siku zile tatu. Sikuwa nataka kuongoza raundi wala kuonekana na viatu vya kanisani. Nilikuwa nakitaka kile kiti. Wiki nzima nilikuwa msichana wa kuchota maji, kuchambua mchele, kuambiwa funga mlango na usicheke kwa sauti. Saa moja tu ya Jumapili nilikuwa mtu ambaye bila yeye safari haiendi. Ningekipoteza kwa sababu ya kitu nilichozaliwa nacho, na hilo lilinikasirisha kuliko kuniliza.

Jumapili ile sikula. Asubuhi nzima, nikipata upenyo, niliingiza mikono kwenye mtungi wa maji ya kunywa, mpaka mama akauliza kwa nini maji yana harufu ya vitunguu. Lakini nilijua maji hayatatosha. Nilikuwa nimemwona mama wa barafu siku za treni akipeleka mali yake stesheni. Hakubeba barafu wazi. Alizifukia kwenye debe la pumba za mpunga, na zilifika ngumu kama zilivyotoka kwenye friji. Na kwetu pumba zilikuwa hazikosekani, maana mama yangu ni mtu wa Mpimbwe, mpunga wa ndugu zake ulikuwa unaletwa kwa magunia na kukobolewa hapa. Nilichukua soksi ya shule, nikaijaza pumba, nikaifunga, nikaiweka ndani ya blauzi, tumboni. Nilijiona nina akili sana.

Tuliondoka saa nane. Mtu wa mwisho kutuona sokoni alipopotea, niliitoa soksi kwa mkono mmoja, nikaifungua kwa meno, nikamwaga pumba viganjani, nikaizika barafu humo, nikafunika. Kaka hakujua. Alikuwa ameinama juu ya usukani, shati limejaa upepo, anaendesha kama sijawahi kumwona. Pumba zilikuwa zinanichoma choma, jasho linaingia machoni na siwezi kulifuta. "Shimo!" alisema. "Shimo! Mchanga!" Magamba chaki ilipigwa bila sisi kusimama sawasawa. Kurudi, mji ulipoanza kuonekana, nilifungua viganja na pumba zote zikaenda na upepo. Barafu ilikuwa nzima. Nzima! Ilikuwa karibu kama ilivyotoka kikombeni, na mimi nilicheka peke yangu kwenye mgongo wa kaka, nikidhani nimeokoa maisha yangu.

Mama wa barafu aliipokea. Akaiangalia muda mrefu kuliko kawaida. Kisha akaigeuza, na kwa ukucha wa kidole kidogo akabandua kitu upande wa chini, akakifuta kwenye kanga yake. Ilikuwa pumba moja. Aliniangalia. Mimi nikaangalia viatu vyangu. Akaweka barafu kwenye kisosi, akageuka kwenda kwenye friji. Naamini angenyamaza mpaka mwisho wa dunia. Kuna wakati watu wazima wanakuonea huruma bila kukuambia.

Lakini kaka alikuwa amesimama nyuma yangu, na fundi ni mtu aliyezoea kutafuta kitu kidogo kisichotakiwa kuwepo. Alinishika mkono, akaugeuza. Kwenye mistari ya kiganja zilikuwa zimebaki pumba tatu au nne.

"Mama, usiiweke," akasema. "Hiyo haihesabiki. Hatukufuata sheria."

Dereva wa mradi alikuwa bado hajaondoka. Yeye na miwani yake hakucheka hata kidogo, na hilo lilikuwa baya zaidi. Nilitaka anicheke ili nipate wa kumrushia maneno. Nilitembea kwa miguu mpaka nyumbani, na kaka hakunifuata, na mpaka giza linaingia nilikuwa nasikia pikipiki zinapita kwa gia ya pili.

Hakunigombeza. Alisema tu, "Ungeniambia." Jumapili iliyofuata alimpandisha yule wa kwaya.

Novemba mvua zikaanza, mawingu yakaweka kivuli juu ya mji mchana kutwa, na kaka akaanza kushinda. Alishinda mara nne. Nilisimama Makanyagio na wasimamaji wengine, na wimbo unaoruka mstari ukanipita, na yule wa kwaya amekaa upande na miguu pamoja. Kila mtu alisema si mnaona, ilikuwa mikono tu. Mwaka uliofuata walifunga ndoa. Ni wifi yangu wa pekee, nampenda kwa dhati, tumeuguzana na kuzikiana, na mpaka leo akinisalimia vidole vyake ni baridi. Kila akinisalimia nakumbuka.

Mambo yale hayakufa kwa kishindo. Pikipiki za bei nafuu zilikuja, zikajaa, na kitu ambacho kila mtu anacho hakuna anayesimama kando ya barabara kukiangalia. Vijana wakaanza kubeba abiria. Mama wa barafu alizeeka, akahamia kwa mwanawe. Umeme ukaja wa kukaa, friji zikaingia hadi vyumba vya wapangaji. Leo nikitoka mlangoni bodaboda watatu wananiita kabla sijavaa kiatu cha pili, nami nawapungia mkono wa hapana kwa sababu nina ya kwangu. Ndiyo, naendesha. Nilijifunza ukubwani, kwa ajili ya kufuata watoto wa chanjo vijijini, na mwanzoni watu waligeuka kuangalia mwanamke wa umri huu na kofia ngumu. Siku hizi wamechoka kugeuka. Naendesha vizuri. Lakini sijawahi, hata siku moja, kuusikia usukani ukinipa kile nilichokuwa nakipata nyuma.

Kaka anaishi Magamba, analima. Kibanda alikifunga pale macho yalipoanza kumsumbua. Ni presha ya macho, na alichelewa kwenda hospitali, kwa sababu alidhani ni vumbi la miaka mingi. Sasa anaona mwanga na kivuli tu. Injini anazitambua bado. Mtu akipita na pikipiki yenye cheni iliyolegea anakasirika mpaka inapotelea mbali.

Mwaka huu, Oktoba hii, alikuja kliniki akalala kwangu, na Jumapili baada ya misa ikabidi nimrudishe. Tulipofika dukani pa karibu akanigonga bega. "Simama. Ninunulie barafu."

"Ya nini, kaka? Maji ya baridi yapo."

"We ninunulie barafu."

Siku hizi zinauzwa kwenye vifuko vya nailoni, duka lolote. Nilimchania nailoni, akaipokea kwa viganja vyote viwili, akavifunga. Nikamwambia ashike bega langu kwa mkono mmoja. Akakataa. Mzee wa zaidi ya miaka hamsini, haoni, anakataa kujishikia! Nilimtukana kidogo, kisha nikawasha.

Kwenda Magamba siku hizi hakuna unga wa kumfunika mtu. Niliendesha pole pole, gia ya tatu, na kila tulipokaribia tuta nilipiga kelele, "Tuta!" nikasikia magoti yake yanakaza. Kabla hata hatujafika nusu ya njia nilihisi kitu cha baridi kinanilowesha mgongoni, kwenye blauzi.

"Imebaki nini?" nikamuuliza.

"Hamna kitu. Imeisha." Akaongeza, "Hili jua linachoma. Saa ngapi sasa?"

"Saa nane na nusu."

Nilimsikia anavuta pumzi kama mtu anayesikiliza injini ili ajue inapogonga.

"Wale jamaa wa mwisho," akasema, "walikuwa wanaondoka saa ngapi?"

"Wa mradi? Saa kumi. Saa kumi na nusu mara nyingine."

"Jua limeshapoa."

"Ndiyo."

"Sisi saa nane. Siku zote saa nane. Na yetu inakaa kwenye friji ikingoja, wanafungua, wanafunga, wanafungua." Sauti yake ilikuwa karibu na sikio langu. "Na Novemba kulikuwa na mawingu, saa nane na saa kumi zikawa sawa. Mimi ni fundi, dada. Kazi yangu yote ni kutafuta kwa nini kitu kinapata moto. Halafu nikakutoa wewe."

Miaka yote ile nilidhani nikiambiwa hivi nitafurahi, au nitamwonyesha hasira niliyoitunza, nayo ilikuwa nyingi. Badala yake niliona tu zile Jumapili ambazo sikuwepo, moja baada ya nyingine, mvua inanyesha na mtu mwingine ameweka paji la uso mahali pangu, kwa sababu hakuna kati yetu aliyewahi kuangalia juu. Nilizitaka zirudi. Nilizitaka kitoto kabisa, niko barabarani, nina kofia ngumu kichwani, natoa machozi ndani ya kioo chake.

"Haikuwa mikono yako," akasema kaka.

"Nimesikia."

Akafuta viganja vyake vilivyolowa mgongoni kwangu, kama alivyokuwa anafutia kwenye suruali ya kazi. Nilitamani kusimamisha pikipiki na kumwambia tubadilishane, wewe kaa mbele, mimi nyuma, twende hata mpaka lile duka la chaki tu, nami sitajishikia popote. Na nilijua haiwezekani tena. Mbele yetu lami ilikuwa imenyooka, safi, haina ufa wala tuta.

"Shimo!" nikapiga kelele.

Paji lake la uso likagonga mgongo wangu, magoti yakakaza. Tulienda hivyo kitambo, na alipogundua kwamba gurudumu halijaruka, nikasikia mbavu zake zinaanza kucheka.